Neema na Wajibu katika Riwaya ya Shetani Msalabani

1. Utangulizi

Ni jambo la kawaida kuisoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani, kama mashtaka dhidi ya ubepari, na kuihesabu dini ndani yake kuwa shahidi wa upande wa washtakiwa. Usomaji huo una msingi. Riwaya iliandikwa kwa Kigikuyu katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za choo, na mtu aliyefungwa bila ya kufikishwa mahakamani. Ilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ, na tafsiri za Kiswahili na Kiingereza zikafuata mwaka 1982. Hali kadhalika, mwandishi mwenyewe alikwisha kutangaza msimamo wake mwaka 1970, alipouhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi na kuuambia waziwazi kwamba yeye si Mkristo. Baada ya hapo aliliacha jina la James. Hadi alipofariki tarehe 28 Mei 2025 hakuna dalili kwamba aliubadili msimamo huo.

Hata hivyo, msimamo wa mwandishi ni kitu kimoja na mwenendo wa kazi yake ni kitu kingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali linaloiendesha riwaya hii tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho ni swali la Kikristo hasa: mtu aliyepewa asichokistahili anadaiwa nini, na nani? Itaelezwa kwamba riwaya inaikataa neema isiyodai jibu, wala haiikatai neema yenyewe. Kwamba lugha ya Kiswahili, kwa njia ya maneno iliyoyachagua kuelezea mambo haya, inampa msomaji wake nyenzo za kuiona tofauti hiyo. Na kwamba udhaifu mkubwa wa riwaya ni kutotambua kwake kwamba shujaa wake anaishi kwa neema ambayo hakuna anayeitaja.

2. Nakuru: kanisa, klabu na reli

Matukio mengi ya riwaya hutendeka Nairobi, njiani, na katika mji wa kubuniwa wa Ilmorog. Lakini chimbuko la kisa ni Nakuru. Jacinta Wariinga, aliyezaliwa wakati wa Hali ya Hatari na ambaye wazazi wake walitiwa kizuizini, alilelewa na jamaa zake mjini humo. Huko ndiko alikosoma, ndiko alikoipenda hisabati na kutamani kuwa mhandisi, na ndiko mzee tajiri wa Ngorika alikomlaghai, akampa mimba, kisha akamtupa.

Nakuru si jina lililookotwa tu. Reli iliufikia mji huu mwaka 1900, na ardhi nzuri iliyouzunguka ikagawiwa walowezi wa Kizungu, huku Waafrika wakiruhusiwa kuishi juu yake kama maskwota, yaani kwa kulipa kwa jasho haki ya kulala mahali ambapo wengine miongoni mwao walipahesabu kuwa pao. Kila mtu katika Bonde la Ufa la kati alikuwa na hadithi ya ardhi iliyotolewa bure kwa mmoja na kuchukuliwa bure kutoka kwa mwingine. Kwa hiyo neno la mhubiri kwamba Mungu hutoa bure liliangukia masikio ambayo tayari yalikuwa na maoni juu ya vitu vya bure.

Katika mji huo riwaya inaweka alama tatu. Ya kwanza ni Kanisa la Rozari Takatifu, ambako Wariinga alikwenda kila Jumapili na kutazama picha za ukutani na madirishani, ambamo watakatifu walikuwa weupe na Shetani mweusi. Ya pili ni klabu ya Wazungu, ambapo alipata kumwona Mzungu mnene ambaye ngozi yake ndiyo inayorudi kumvika Shetani wa ndoto zake. Ya tatu ni reli, ambayo juu yake alitaka kuyamaliza maisha yake.

Ndoto yenyewe inafahamika sana. Mahali pa Kristo yuko Shetani, amesulubiwa na watu waliovaa matambara. Baada ya siku tatu wanakuja watu wa suti na tai, wanamshusha. Kwa kawaida ndoto hii hufasiriwa kuwa ni historia ya uhuru wa bendera: wananchi waliutundika ukoloni, na tabaka la wenyeji waliofaidika wakauteremsha. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila haujakamilika. Ndoto inamjia msichana aliyefundishwa dini kwa picha, na dini hiyo haikuwahi kumwuliza: wewe uliyeona yakitendeka, utafanya nini? Picha za ukutani hutazamwa, hazijibiwi. Kosa la kanisa la riwaya hii, kabla ya kosa lolote la siasa, ni kwamba limemzoeza muumini kuwa mtazamaji.

3. Maneno ya neema

Kabla ya kuingia pangoni, ambako mashindano ya wezi yanafanyika, inafaa kuyachunguza maneno ambayo msomaji wa Kiswahili huingia nayo humo.

Neno neema limetoka katika Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku lina maana ya riziki tele na hali njema. Mwaka wa mvua nzuri ni mwaka wa neema, aliyefanikiwa ameneemeka. Wafasiri wa Biblia walipolitwaa neno hili ili lisimame mahali pa neno la Kigiriki kharis, walilipa maana mpya: upendeleo wa Mungu kwa asiyestahili. Lakini neno halivui nguo zake za zamani kwa kuwa limevishwa mpya. Mkulima wa Njoro anaposikia kwamba amejaliwa neema, ghala lililojaa nalo linazungumza. Hapo pana hatari, kwani ni rahisi kugeuza hoja kinyumenyume: aliye na ghala tele ndiye aliyeneemeshwa, na asiye na kitu ana deni fulani kwa Mungu.

Katika Kigiriki, pia, neno la neema na neno la kipawa cha kiroho ni watoto wa mama mmoja, kharis na kharisma, na neno la shukrani linatoka katika ukoo huohuo. Msikilizaji wa lugha ile alisikia kwa sikio lake kwamba kupokea, kutumikia na kushukuru ni jambo moja. Katika Kiswahili ukoo huo umetawanyika: neema, karama na shukrani hazifanani kwa sauti, na kazi ya kuziunganisha imeachiwa mhubiri.

Neno wakili limepata msiba mwingine. Katika lugha ya kanisa wakili ni mtumishi aliyekabidhiwa mali isiyo yake, na uwakili ni hali ya kuishi kwa kujua kwamba hesabu itatakiwa. Lakini katika mji wowote wa Kenya leo wakili ni mtu wa kukutetea mahakamani. Aliyepaswa kutoa hesabu amekuwa mtu wa kukusaidia usiitoe.

Hali kadhalika neno kuokoka. Kauli ya kutendeka, yenye kiambishi cha -k-, hueleza hali ya mtendwa bila ya kumtaja mtenda. Husemwa nimeokolewa na fulani. Haisemwi nimeokoka na fulani. Sarufi yenyewe humruhusu msemaji kujisifia hali yake na kumwacha mwokozi nje ya sentensi. Hata hivyo, si haki kulilaumu neno peke yake. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937, ndio uliolieneza neno hili, na watu wa uamsho ule walikuwa wakali sana kwa nafsi zao katika jambo la hesabu. Waliungama dhambi zao hadharani, na waliokuwa wameiba walirudisha mali kwa wenyewe. Kwao, ushuhuda ambao haukufuatwa na marejesho ulikuwa maneno matupu.

Mwisho, wajibu. Mzizi wa neno hili katika Kiarabu si mzizi wa neno jibu, na mwanaisimu hana ruhusa ya kuwafanya ndugu. Lakini masikio ya wasemaji hayasomi kamusi. Kwa Mswahili, mtu anayewajibika ni kama mtu anayejibu: ameitwa, naye ameitika. Sadfa hii ya sauti ni mali ya lugha, na inaeleza vizuri kuliko fasili yoyote kile ambacho riwaya inakitafuta.

4. Pangoni: ushuhuda uliopinduliwa

Sehemu kubwa ya riwaya inachukuliwa na mashindano ya wezi na wanyang'anyi katika pango la Ilmorog. Kila mshindani anasimama mbele ya mkutano, anataja jina lake, wake na wapenzi wake, magari yake, na jinsi alivyowaibia wananchi. Wahakiki wameiona hapa sanaa ya kejeli na athari za masimulizi ya jadi. Kuna jambo jingine ambalo ni dhahiri kwa yeyote aliyepata kuhudhuria mkutano wa uamsho: umbo la tukio hili ni umbo la ushuhuda. Mtu anasimama, anajitaja, anaeleza alivyokuwa, anaeleza alivyoiba. Mpaka hapo mshuhudiaji wa kanisani na mshindani wa pangoni hawana tofauti. Tofauti inakuja mwishoni. Mmoja anarudisha; mwingine anadai zawadi.

Kwa hiyo pango si mahali ambapo dini haipo. Ni mahali ambapo dini imebaki na umbo lake lote, imepungukiwa na jibu tu. Ngũgĩ, aliyekulia Limuru katika miaka ambayo uamsho ulikuwa na nguvu, alijua vizuri sana alichokuwa akikigeuza.

Ndivyo ilivyo pia kwa mfano wa talanta, ambao riwaya inausimulia upya. Katika masimulizi ya pangoni bwana anayesafiri amekuwa mtawala wa kigeni anayeondoka huku akiona uhuru unakuja. Watumishi wake ni wenyeji waaminifu. Na fedha alizowaachia zinatajwa kwa shilingi, laki tano, laki mbili na laki moja. Mtumishi wa tatu, yule aliyezificha, hapa hana uvivu. Amegundua kwamba fedha haizai peke yake, bali huzalishwa na jasho la wafanyakazi, naye anamrudishia bwana chake bila ya faida. Kwa hilo anahukumiwa.

Je, huu ni upotoshaji wa Injili? Ni lazima kwanza kukumbuka kilichokwisha kulipata neno talanta katika Kiswahili. Talanta ya Kigiriki ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari elfu sita, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Yaani ni mshahara wa takriban miaka ishirini. Leo, katika shule na makanisa ya Kenya, talanta ni kipaji: huyu ana talanta ya kuimba, yule ana talanta ya mpira. Mfano uliohusu mali kubwa mno iliyo mikononi mwa watumishi umekuwa nasaha ya kukuza vipawa vya mtu binafsi. Ngũgĩ, kwa kurudisha fedha ndani ya talanta, ameurudisha mfano karibu na maneno yake ya asili. Baada ya kuusoma, ni vigumu kwa msikilizaji kulisikia neno hilo asijiulize mtaji ulitoka wapi na ni nani aliyeutolea jasho.

Lakini kwa kupata hilo riwaya imepoteza jingine. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, mfano wa talanta haukukaa peke yake. Mara tu baada yake kuna hukumu ya mataifa, ambapo watu hawaulizwi faida waliyopata. Wanaulizwa kama waliwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi na kuwatembelea wafungwa. Anayezisoma sehemu hizo mbili pamoja anaona kwamba faida inayotakiwa na bwana ni huduma kwa walio wadogo. Wasemaji wa pangoni wanaishia katika ile ya kwanza, na hapo ndipo hila yao ilipo. Riwaya, kwa bahati mbaya, haikumpa msemaji yeyote wa upande wa pili nafasi ya kuendelea kusoma. Mfungwa wa Kamiti angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi.

5. Neema isiyotajwa

Hapa ndipo inapobidi kurudi relini. Wariinga, mjamzito na ameachwa, anakwenda kujitupa mbele ya gari moshi mjini Nakuru. Hafi, kwa sababu kuna mtu anayemtoa. Mtu huyo si ndugu yake, hana deni kwake, wala hatarajii malipo. Kuna methali isemayo tenda wema uende zako, nayo inakifaa sana kitendo hicho.

Hali kadhalika, mtoto Wambui anayezaliwa analelewa na wazazi wa Wariinga. Hao ni watu waliotoka kizuizini wakiwa wamepoteza mengi. Wangekuwa na sababu zote za kumhesabia binti yao hasara waliyoipata, lakini wanampokea mjukuu na kumlea ili mama yake arudi masomoni na kazini. Malezi hayo ya miaka mingi hayapewi sura nzima katika riwaya, ingawa bila ya hayo hakuna Wariinga fundi wa mitambo, hakuna Wariinga anayeweza kusimama mbele ya mwanamume yeyote bila ya kuinamisha kichwa.

Mambo haya mawili yana sifa zote ambazo wanatheolojia huipa neema. Yanatangulia stahili ya mpokeaji, yanamrudishia maisha, na yanamwacha huru. Nayo yametoka kwa watu wa kawaida. Mwandishi aliyeikataa neema ya kanisa ameijenga riwaya yake juu ya vitendo vya bure viwili. Huu si ukinzani wa kumwaibisha. Ni ushahidi wa uaminifu wake kwa maisha aliyoyajua. Kasoro ni kwamba riwaya haikupata lugha ya kuvieleza. Ina lugha tajiri ya wizi, ya jasho na ya kulipiza. Lugha ya kupokea haina. Yaliyotendwa relini na nyumbani kwa wazazi yanabaki kuwa habari za nyuma, hayawi fikra.

6. Risasi ya Ngorika

Matokeo ya ukosefu huo yanaonekana mwishoni. Wariinga, sasa ni fundi, amechumbiwa na Gatuiria. Anapelekwa Ngorika kwa baba wa mchumba, anamkuta kuwa ni yuleyule mzee tajiri, na anampiga risasi. Kisha anaondoka bila ya kutazama nyuma.

Kisiasa mwisho huu una mantiki yake, na kifani una nguvu. Mnyonge aliyekuwa mtazamaji wa picha za kanisani hatimaye ametenda. Swali ambalo ndoto haikumwuliza amelijibu. Kwa maana hiyo risasi ni jibu. Lakini ni jibu kwa jeraha tu. Kwa yule aliyemtoa relini na kwa wazee waliomlelea mtoto hajajibu lolote. Gatuiria anaachwa kati ya maiti ya baba yake na mgongo wa mchumba wake, naye hajui pa kwenda. Na Wambui, ambaye baba yake ameuawa na mama yake, hakumbukwi kabisa katika hesabu ya mwisho. Wajibu umepunguzwa ukawa ulipaji wa deni moja.

Mwanatheolojia wa Kijerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na Wanazi mwezi wa Aprili 1945, aliandika mwaka 1937 juu ya hatari ya neema rahisi, yaani neema inayosamehe dhambi bila ya kumbadili mwenye dhambi. Shetani Msalabani ni mojawapo ya hukumu kali zaidi za neema rahisi katika fasihi ya Afrika Mashariki. Lakini kinyume cha neema rahisi si kukosekana kwa neema. Kinyume chake ni neema yenye gharama, ambayo humwajibisha mpokeaji kwa wote aliowapokea na wote alionao.

7. Nakuru baada ya riwaya

Huenda mtu akasema kwamba haya ni madai ya kitheolojia ambayo mhakiki hana ruhusa ya kuyaleta katika fasihi. Jibu linatolewa na Nakuru yenyewe. Miaka kumi baada ya tafsiri ya Kiswahili kuchapishwa, Molo, Olenguruone na sehemu nyingine za wilaya ya Nakuru ziliingia katika mapigano ya kikabila. Njoro ilifuata mwezi wa Januari 1998, na mwanzoni mwa 2008 maelfu walikuwa wakilala katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Kamati ya Bunge ya mwaka 1992 iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, na Tume ya Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998, zote zilielekeza kidole kwa wanasiasa. Kwa hiyo pango lilikuwapo, na Ngũgĩ hakukosea.

Lakini mikono iliyochoma nyumba ilikuwa ya maskini, na nyumba zilizochomwa zilikuwa za maskini. Aghalabu mchomaji na mchomewa waliimba nyimbo zilezile za kanisa. Riwaya, ambayo imewaweka wanyonge wote nje ya pango na waovu wote ndani, haina la kusema juu ya jirani aliyechoma kwa jirani. Kulipiza hakuwezi kuwa jibu pale, kwa sababu kila upande una daftari lake la madeni, na madaftari hayo yanaanzia kwenye ardhi iliyogawiwa katika zama za reli. Waliohitajika walikuwa watu wa kitendo cha relini: wa kumvuta asiye wao kabla gari moshi halijafika. Walikuwapo, wakificha majirani majumbani mwao. Na alikuwapo Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Jimbo Katoliki la Nakuru kuanzia mwaka 1971 hadi 1996, aliyesema hadharani dhidi ya serikali kuhusu mapigano hayo wakati ambapo kusema kulikuwa na hatari. Hapo neno wakili lilirudi katika maana yake ya kale: mtu anayejua kwamba atatakiwa hesabu ya watu aliokabidhiwa.

8. Hitimisho

Shetani Msalabani inastahili kuendelea kusomwa katika idara za lugha na fasihi, na hasa katika Kiswahili, kwa kuwa maneno ya lugha hii, neema, talanta, wakili, kuokoka, yanaifanya hoja yake iwe kali zaidi. Inamfundisha msomaji kumshuku kila mtu asemaye ameneemeshwa na hataki kusema kwa jasho la nani. Hilo ni somo ambalo mimbari nyingi zimeshindwa kulitoa.

Lakini mwalimu anayeifundisha asikomee pangoni, wala Ngorika. Awaulize wanafunzi wake ni nani aliyemtoa Wariinga relini, na Wariinga amempa jibu gani mtu huyo. Riwaya haikuliuliza swali hilo. Kwa wasomaji wa Bonde la Ufa, waliokwisha kuona mwisho wa madeni yanayolipwa kwa moto, ndilo swali la kwanza.